Mafuta ya Waziri

Kidonda kilikuwa kwenye ukingo wa sikio la kushoto la mdogo wangu, kidogo kama punje ya mchele. Mama alisema ni chunusi. Mwenyewe alisema ni mkono wa miwani umemchubua. Mimi nilijitia kutafuta soksi chini ya kitanda, kwa sababu ndani ya nyumba ile mimi peke yangu nilijua kwamba kwa miezi mitano mdogo wangu alikuwa akijipaka kitu kingine, si mafuta yake.

Nitasimulia bila kujipendelea, ingawa kujipendelea ndicho kipaji changu.

Mdogo wangu wa kike tunamwita Waziri. Jina hilo nilimpa mimi akiwa na miaka sita, kwa sababu hatoki nje bila msafara: kofia pana, miwani, mwavuli, shati la mikono mirefu, chupa ya mafuta ya kukinga jua, na saa ya mkononi inayolia kila baada ya saa mbili kumkumbusha kupaka tena. Ana ualbino. Ngozi yake haina ile rangi inayotukinga sisi wengine, na macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo darasani dawati la mbele ni lake tangu chekechea na ole wako ulikalie. Ana miaka kumi na minne, mimi dada yake nina kumi na saba. Tunalala chumba kimoja, tunasoma shule moja, na tunagombania kila kitu, kuanzia swichi ya taa mpaka zamu ya kudeki.

Kwenye habari za jua Waziri haguswi. Shuleni kila mtu ana elimu yake: jua la asubuhi halina neno, mawingu yakitanda uko huru, mtu mweusi haungui, kofia ni ya wazee. Waziri huwasikiliza kwa adabu, anavua miwani, anaifuta, kisha anaanza. Mawingu si bati, jamani. Ukuta mweupe unakurudishia jua usoni hata ukiwa kivulini. Mafuta yanapakwa robo saa kabla ya kutoka, siyo ukishatoka. Na hayapakwi usoni tu, yanapakwa masikioni, shingoni, mpaka juu ya vidole vya miguu kama umevaa ndala. Wenzake wanamcheka, lakini wiki inayofuata utawaona wawili watatu wamesogea kivulini, wamejifanya wamefika pale kwa bahati tu.

Mama yetu ni fundi cherehani. Baba yuko safarini na lori siku zote, tunamjua zaidi kwa sauti ya simu. Mashine ya mama iko sebuleni chini ya dirisha, na vipande vya nyuzi vinatufuata mpaka kwenye sahani. Nguo za Waziri anazishona mwenyewe. Kabla ya kukata, anaingiza mkono ndani ya kitambaa na kukiinua kwenye balbu. Akiona vidole vyake, kitambaa hicho kinakwenda kuwa pazia. Mama hana mchezo na jua. Asichokiweza ni kutupa kitu. Kwetu kitu hakiishi, kinaongezewa. Sabuni ya vyombo ikibaki kidogo, ongezea maji. Sosi ya nyanya, ongezea maji, tikisa. Shampuu tuliyoogea mwaka jana nadhani ilikuwa shampuu siku ya kwanza tu. "Ongezea kidogo" ni maneno niliyoyasikia nyumbani zaidi kuliko jina langu.

Kwa hiyo nilipoanza, haki ya Mungu, sikuona kwamba ninaanza jambo.

Chunusi zilikuwa zimeniachia madoa mashavuni. Kwenye simu kulikuwa na msichana mmoja, uso laini kama yai lililomenywa, akasema siri yake ni mafuta ya kukinga jua, basi, hana jingine. Nikainua macho, nikatazama rafu yetu. Chupa ya Waziri ilikuwa pale, nyeupe, pana, mfuniko wa buluu, tarehe imeandikwa kwa kalamu nene na sista wa kliniki ya ngozi. Anapewa moja kila miezi mitatu. Ya dukani sisi hatuiwezi. Nikachota kidogo kwa kidole. Kesho yake nikachota tena. Baada ya wiki mbili nilikuwa na kikopo changu ndani ya begi, na chupa ya Waziri imeshuka kiasi cha mtu kuuliza. Basi nikafanya kile ambacho nyumba yetu ilinifundisha. Nikachukua losheni ya kawaida ya mama, nyeupe vilevile, nikaongezea, nikakoroga kwa mpini wa kijiko. Rangi ileile, uzito uleule. Kilizidi kijiharufu cha maua, nikajiambia sasa yananukia vizuri zaidi, hata nimemsaidia.

Mafuta ni mafuta, ndivyo nilivyofikiri. Mimi, niliyehubiriwa habari za jua chumbani kwangu kila siku iendayo kwa Mungu! Nilikuwa nimeizoea sauti ya Waziri mpaka maneno yake hayaniingii tena. Nilichota kwenye chupa mbili, moja baada ya nyingine, na mwishoni zaidi ya nusu ilikuwa losheni ya mama.

Muhula huo Waziri akachaguliwa kwenye timu ya netiboli. Miaka yote kazi yake ilikuwa kukaa kivulini kuandika magoli, lakini mwalimu wa michezo alimwona jioni moja akidaka mpira, akasema huyu mtoto ana mikono ya gundi. Mama akakataa. Waziri akajenga hoja wiki nzima: jezi ya mikono mirefu, soksi ndefu, mechi ya asubuhi mapema, mafuta kila mapumziko. Mama akaenda kumuuliza sista, na sista akasema kama ni asubuhi, na masharti yote yanafuatwa, na mafuta anapaka sawasawa, mwache mtoto acheze. Mama akashona jezi kwa siku mbili, akaiinua kwenye balbu mara tatu.

Mechi ilipangwa saa moja na nusu asubuhi. Gari la wapinzani likaharibika njiani, wakafika saa nne na nusu. Refa akatazama kofia ya Waziri, akasema ukingo wake utamtoboa mtu jicho, aivue. Mwalimu wa michezo akamwambia anaweza kukaa benchi, hakuna atakayemlaumu. Waziri akacheka. Akatoa kitambaa, akajifunga kichwani, masikio yakabaki nje. "Nina mafuta, mwalimu," akasema.

Akaifungua chupa mbele ya timu nzima. Akapaka uso, shingo, mikono, akapaka masikio mpaka nyuma, akatazama saa yake na kusubiri zile dakika zake kumi na tano kama anavyowahubiria wengine. Mimi nilikuwa kwenye benchi la washangiliaji, hatua kumi kutoka kwake, usoni nimepaka yale ya kweli. Siku hiyo ndipo nililitazama jua na kulifikiria kwa mara ya kwanza, jua lile jeupe la saa tano, uwanja mtupu, kivuli cha nguzo kimejikunja miguuni pake. Nilikuwa na dakika kumi na tano nzima za kufungua mdomo. Nikampungia mkono, nikasema, "Kila la heri, Waziri!"

Walishinda kwa magoli mawili, na mpira wa mwisho aliuzuia yeye. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Jioni alikuwa mwekundu shingoni na usoni, masikio yametoa malengelenge, na mama anambadilishia vitambaa vya maji baridi huku akigomba peke yake, anamgombeza refa, analigombeza gari, analigombeza jua lenyewe. Waziri hakulia. Alikuwa anashangaa tu.

"Nilipaka, mama. Nilipaka mara nne."

"Najua, mwanangu."

"Sasa mbona?"

Niliacha kuchota siku hiyohiyo. Lakini chupa niliiacha palepale kwenye rafu na uongo wake ndani, kwa sababu kuimwaga kungekuwa kukiri, na nilikuwa mwoga. Kwa wiki nyingine sita nilimtazama akijipaka kila asubuhi. Ngozi ilipona kote isipokuwa pale ukingoni mwa sikio, penye ile punje ya mchele. Kikawa kinakauka, kinabanduka, kinatoa damu kwenye taulo, kinaanza upya. Nilijifunza kufua taulo haraka kabla mama hajaliona.

Asubuhi moja mama aliliona. Siku hiyohiyo tukaenda kliniki.

Sista wa kliniki ya ngozi ni mwanamke mpole, sauti ya chini, mikono mikubwa, anayemjua Waziri tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alimkalisha karibu na dirisha, akawasha kioo chake chenye taa, akatazama. Kawaida huwa anaongea akitazama, anauliza habari za shule, anatania. Siku ile nilihesabu vigae vya sakafu mpaka ukutani nikarudi, bado anatazama tu.

"Kina muda gani?"

"Wiki sita, sista," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mafuta unapaka, mwanangu?"

"Kila baada ya saa mbili," Waziri akajibu.

Sista akakizima kioo. "Hapa hatumgombezi mtu. Mimi nawajua vijana wa umri wako. Mtu anachoka, anaona haya mbele ya wenzake, anaruka siku moja, siku mbili. Niambie ukweli tu, nijue pa kuanzia."

"Napaka."

"Kila siku?"

"Napaka, sista! Nina saa!" Akainua mkono na kuionyesha, na hapo sauti ikamkatika. Mtoto ambaye alikuwa hajalia kwa malengelenge akalia pale kwa kutoaminiwa. Sista akampigapiga begani na kumwangalia mama, na mama akatazama chini, nikaona kwamba hata mama ameanza kuwa na shaka.

Nilikuwa nimeegemea ukuta karibu na mlango. Sista akatuma daktari aitwe. Nilijiambia nitasema daktari akitoka, kisha nikajiambia nitasema tukifika nyumbani, kisha daktari akaja. Akamchoma ganzi, akakata kipande kidogo cha kile kidonda, akashona nyuzi mbili, akakitia kwenye kichupa. Alisema kinapelekwa kupimwa na majibu ni baada ya wiki mbili. Alisema inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa saratani. Neno hilo alilisema mara moja tu, akiwa anaandika. Mama akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Tukapewa chupa mpya, mfuniko wa buluu, imejaa mpaka juu.

Nyumbani mama alitoa hukumu bila kukaa chini. Netiboli basi. Kutoka nje basi, ni shule na nyumbani. Majibu yakiwa mabaya, na shule basi, atasomea ndani mapazia yamefungwa. Nilingoja Waziri aanze hoja zake. Mtoto yule hubishana hata na kengele ya shule. Akasema, "Sawa, mama," akaingia chumbani. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa kliniki.

Siku zile sikuwa nakula, nilikuwa nasukuma chakula kwenye sahani. Niliingia kwenye simu kutafuta saratani ya ngozi inafananaje. Nikaona picha. Sitaki kuzieleza. Niliona sikio moja ambalo halikuwa sikio tena, nikaitupa simu kitandani. Mama kule sebuleni alikuwa anashona sketi ya mteja na kuifumua, anashona na kuifumua. Na mimi kila nikimtazama Waziri nilikuwa nalitazama lile plasta sikioni, nikitazama kwingine nalo lipo.

Siku ya tano nikaiona chupa.

Hakuna mtu duniani anayekijua kimo cha chupa ile kuliko mimi. Nilikuwa nimekipima kwa jicho kila asubuhi kwa miezi mitano, najua inashuka kiasi gani kwa siku, kwa wiki, najua mpaka alama ya kidole chake inavyokaa. Nikaifungua. Ilikuwa imejaa. Juu kabisa kulikuwa bado na ule mzunguko laini ulioachwa na mashine ya kliniki, haujaguswa na kidole. Siku tano! Nikakumbuka kitu kingine, kwamba siku hizo tano sijaisikia ile saa yake ikilia.

Alikuwa anatoka kila asubuhi, kofia amevaa, mwavuli mkononi, mama anamwangalia mlangoni anaridhika, na chini ya hivyo vyote ngozi kavu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Dirishani jua lilikuwa limeshapanda, na bati la jirani limeshaanza kulia kwa joto.

"Waziri, hujapaka."

"Nimepaka."

"Hujapaka. Chupa haijaguswa."

Akaacha kamba. "Wewe chupa yangu unaichunguza ya nini?"

Nikalikwepa swali. "Paka kwanza, tafadhali, utachelewa."

"Nipake ya nini, dada?" Hakupaza sauti. "Nimepaka miaka yote. Nimepaka mpaka wasichana wa timu wakaniita chapati. Siku ile nilipaka mara nne, wewe ulikuwepo, uliniona. Nikaungua kama mtu ambaye hajapaka kitu. Sasa sista ananiona mwongo na mama ananiona mwongo. Kwangu mimi hayafanyi kazi, ndiyo hivyo. Labda hayajawahi kufanya kazi, ilikuwa bahati tu." Akavuta begi, akasimama. "Kama jua litanila, litanila. Nimechoka kujipaka kama mkate."

Akaja mlangoni. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliogopa atakavyonitazama. Niliogopa mama. Lakini nyuma yake niliona ile chupa imejaa na mbele yangu niliona mtoto anatoka kwenda kuungua kwa sababu ya uongo wangu, na hofu hiyo ikazimeza nyingine zote.

"Hayakuwa mafuta," nikasema.

"Nini?"

"Yale uliyopaka. Nilikuwa nayachota, najipaka mimi. Nikawa naongezea losheni ya mama ili usijue. Zaidi ya nusu ilikuwa losheni. Mafuta yako yanafanya kazi, Waziri. Wewe umefanya kila kitu sawasawa."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anangoja nicheke, kwa sababu mimi ni mtu wa mizaha.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Siku ya mechi ulijua?"

Ningeweza kupunguza hapo. Ningeweza kusema nilikuwa sijatambua. "Nilijua," nikasema.

Akarudi akakaa kitandani. Hakunitukana, hakulia. Akaichukua chupa mpya, akaifungua, akainusa kwa muda mrefu. Akachovya kidole. Akapaka uso, akapaka shingo, mikono, akapaka sikio la kulia, akapaka la kushoto akilizunguka lile plasta taratibu. Akaifunga chupa na kuitia ndani ya begi lake. Kisha akatazama saa yake na kukaa akingoja dakika zake kumi na tano zipite, na mimi nimesimama mlangoni muda wote, sithubutu kukaa wala kutoka.

Zilipokwisha akavaa kofia. "Kamwambie mama leo," akasema. "Na siku ya majibu umwambie sista, mbele yangu, kwa mdomo wako. Mimi si mwongo." Akanipita, akaenda shule.

Mama alikuwa anatia kola. Nilisema kwa haraka, juu ya kelele ya mashine, nikitumaini nusu imezama humo. Akaushika mkono wa gurudumu, mashine ikasimama. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. Akauvua utepe wa kupimia shingoni, akanichapa nao mara tatu, utepe usioumiza hata nzi. Kisha akaenda jikoni. Nikasikia maji na povu, nikamfuata. Alikuwa anamimina vyote kwenye sinki, sabuni, sosi, shampuu, chupa moja baada ya nyingine.

"Mimi ndiye niliyekufundisha," akasema.

"Hapana, mama. Wewe hukuongezea dawa ya mtu."

"Nyamaza. Nenda kadeki."

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la kliniki watu watatu, Waziri katikati. Mama alikuwa amekunja leso mpaka imekuwa kama kidonge. Tulipoitwa nilisimama nikakaa tena, ikabidi nijivute.

Daktari alikuwa na karatasi mbele yake, sista amekaa pembeni na faili. Daktari akasema ni saratani ya ngozi. Akasema imewahiwa, ni ya aina ambayo ikikatwa mapema kwa kawaida mtu anapona, na hajaona dalili kwamba imetoka pale ilipo. Lakini ni lazima ikatwe wiki hii hii, pamoja na nyama kidogo isiyo na ugonjwa inayoizunguka. Sehemu ya juu ya sikio itaondoka. Mama akasema, "Mungu wangu, Mungu wangu," na kumvuta Waziri kifuani, na Waziri akasema, akiwa amebanwa pale kwenye gauni la mama, "Sista, dada ana neno."

Nikalisema lote. Kikopo, kijiko, losheni, siku ya mechi. Sista akaweka kalamu chini. Nilingoja anigeukie mimi, lakini alimgeukia Waziri kwanza.

"Nilikuona mwongo," akamwambia. "Na hukuwa mwongo. Nisamehe, mwanangu."

"Haya, sista," Waziri akasema, na akavuta kamasi.

Ndipo nikauliza lile lililokuwa limenikaba wiki zote. "Sista, ni mimi? Ni mimi niliyemfanyia hii?"

Alinitazama, na sikuona hasira wala huruma, aliniangalia kama anavyoangalia kidonda. "Sijui," akasema. "Kitu hiki hakianzi muhula mmoja. Humo kuna jua la tangu alipozaliwa, la siku mama alipogeuka kidogo, la njia ya shule. Na kuna la miezi yako mitano. Kiasi gani ni chako, hakuna kipimo cha kunionyesha. Nisikudanganye ili ulale vizuri, wala nisikudanganye ili ukonde. Sijui, na wewe hutajua."

Nimelala na maneno hayo tangu siku ile. Angesema ndiyo, ningejua pa kuanzia kulia.

Alikatwa siku ya Alhamisi asubuhi. Mama alikwenda dirisha la mapokezi kujaza fomu, tukabaki wawili kwenye ujia wa kuelekea chumba cha upasuaji, yeye na gauni la kijani la hospitali linalofungwa mgongoni, miguu mitupu, na kofia ya kitambaa ya wagonjwa. Tangu ile asubuhi ya chumbani alikuwa akisema nami yale ya lazima tu: nipishe, zima taa, mama anakuita. Nilikuwa nimeogopa siku zote hizo kwamba ataniuliza kwa nini, na nilikuwa nimetayarisha majibu, na yote yalikuwa ya ovyo.

Hakuuliza kwa nini.

"Ulikuwa unapaka wapi?" akaniuliza.

"Usoni."

"Ili iweje?"

"Ili madoa yatoke. Yale ya chunusi." Nilisikia aibu mpaka machozi yakanitoka, nikayaacha.

Akanishika kidevu, akausogeza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akaja karibu sana, macho yake yakicheza huku na huku yakitafuta. Akatazama shavu la kulia. Akatazama la kushoto. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mbona bado yapo," akasema. "Yote yapo, dada."

Akaniachia kidevu. Sista akafungua mlango, akamwita, akaenda.